Yule njemba wa mandevu kwenye filamu za Chaplin ni nani?

Mdau_AreaC: Wakuu habari za Dodoma na hili vumbi. Jana kwenye kibanda umiza huku walituwekea zile za kimyakimya za Charlie Chaplin, sasa kuna bonge la jitu lina nyusi kama brashi ya viatu, kila filamu limo linamkimbiza steringi, huyu jamaa aliishia wapi, mbona zile za baadaye simuoni?

Mgogo_Halisi: Huyo ni Eric Campbell mkuu. Alitoka kwenye kundi la vichekesho la Fred Karno Uingereza, hukohuko alikopita Chaplin. Mwaka 1916 na 1917 Chaplin alitengeneza filamu fupi 12 za kampuni ya Mutual, Campbell kacheza 11, hiyo moja aliyokosa Chaplin yuko karibu peke yake. Ndevu na nyusi za kubandika hizo! Haonekani tena kwa sababu alikufa ajali ya gari Los Angeles Desemba 1917.

Kikuyu_Boy: Dah. Ile anakunja nguzo ya taa kumtisha Chaplin aliyevaa upolisi, Chaplin akamrukia mgongoni akamvalisha taa kichwani na kumfungulia gesi, mi ndo nilicheka zaidi. Bila jitu kama lile Chaplin angekuwa mfupi wa nani?

Mdau_AreaC: Shukrani wakuu. Mwenye nazo aniwekee kwenye flashi basi, bando linauma.