Kama setilaiti zinaona Aktiki yote, kwa nini wanasayansi wanalia kukosa Siberia?

Picha_za_Juu ameandika:

Wakuu habari zenu. Kuna swali linanisumbua, wenye uelewa naomba mnisaidie bila kunitukana. Niko kwenye tasnifu, nachambua picha za setilaiti za misitu ya kaskazini, ule mkanda wa boreali unaotoka Alaska unapita Kanada, Skandinavia mpaka unamaliza Urusi yote. Sasa kila makala ninayosoma kuanzia 2022 kuja huku lazima nikute aya ya malalamiko, mara ushirikiano na Urusi umekatika tangu vita ya Ukraine, mara vituo vya Siberia havileti data, mara takwimu zina pengo.

Mimi najiuliza, ivi setilaiti si haiombi viza? Inapita juu ya Yakutia kule Siberia vilevile inavyopita juu ya Alaska. Barafu ya baharini tunaifuatilia kwa setilaiti tangu 1979, moto wa Kanada wa 2023 uliokula zaidi ya hekta milioni 15 watu waliuona unavyosambaa siku kwa siku. Lile bonde la Batagay kule Yakutia, ardhi iliyoporomoka karibu kilomita nzima, ata mimi naliona kwenye kompyuta yangu likipanuka mwaka hadi mwaka. Hizi kelele za vituo vya chini ni sayansi kweli au ni watu wamekosa safari zao za kiangazi na hela za miradi?

Na la pili, kama pengo lipo kweli, mtu kama mimi nisiye na maabara kubwa nyuma yangu nafanyaje?

---

Loga_Baridi amejibu:

Setilaiti haiombi viza, hiyo nimeipenda, ila pia haichimbi.

Mkuu shida kubwa ya kule haiko juu ya ardhi, iko chini. Pemafrosti, yaani ardhi iliyokaa imeganda miaka miwili mfululizo au zaidi, inakadiriwa kushika kaboni kati ya tani bilioni 1,400 na 1,600, karibu mara mbili ya iliyopo angani sasa hivi. Setilaiti inakuonyesha joto la uso wa ardhi, inakuonyesha majani, inakuonyesha ardhi ikishazama au ikishaporomoka kama hiyo Batagay yako. Joto la mita kumi chini hailioni. Hilo unalipata kwa kutoboa shimo, unashusha waya wenye vipimajoto kila baada ya umbali fulani, unafunga loga (kifaa cha kurekodi vipimo) juu, alafu lazima mtu arudi kubadilisha betri na kuchukua data. Mtu asiporudi betri inaisha, na mwaka uliopotea hapo hakuna namna ya kuurudisha, huwezi kwenda 2030 ukapime joto la 2024.

Gesi nayo ndo hivyohivyo. Ile minara ya kupima kaboni inayoingia na kutoka msituni inafanya kazi kwa kusoma upepo unaopanda na kushuka pamoja na gesi iliyobebwa humo, mara 10 au zaidi kwa kila sekunde, usiku na mchana, majira yote. Setilaiti kama Sentinel-5P inapima methani kwa mwanga wa jua unaoakisiwa kutoka chini. Sasa niambie Aktiki mwezi wa 12 huo mwanga unautoa wapi? Na majira ya baridi udongo haulali kama watu wanavyodhani, vijidudu vinaendelea kula na kutoa hewa ukaa chini ya theluji. Yaani setilaiti inasinzia wakati ule ambao hesabu ya kaboni inabadilika kutoka faida (kumeza) kuwa hasara (kutoa).

---

Picha_za_Juu amejibu:

Asante sana mkuu. Lakini bado nabishana kidogo. Minara ipo Alaska, ipo Kanada, ipo Ufini na Uswidi. Si unachukua hiyo, unaifundisha modeli ya kompyuta, alafu modeli inakujazia Siberia? Watu wanafanya hivyo kila siku.

---

Loga_Baridi amejibu:

Wanafanya, na hapo ndo pa kuogopa. Modeli itakupa jibu ata kama haijui kitu, haitakaa kimya.

Angalia miti tu. Alaska na Kanada pemafrosti imebebwa sana na sprusi mweusi, mti wa kijani mwaka mzima, matawi yake yanaanzia chini karibu na ardhi, kwa hiyo moto ukiwaka unapanda mpaka kileleni na unaua mti. Siberia ya mashariki msitu ni wa lachi, jamaa wa msonobari ila anapukutisha sindano zote majira ya baridi, na moto wake mara nyingi unatambaa chini chini, mti unabaki umesimama. Kwa hiyo eneo moja lililoungua kwenye picha yako, pikseli nyekundu zilezile, upande mmoja msitu umekufa na upande wa pili msitu umeungua miguu tu. Kaboni iliyotoka sio sawa, kivuli kinachobaki juu ya udongo sio sawa, kasi ya pemafrosti kuyeyuka baada ya hapo sio sawa.

Alafu kuna yedoma, yale matabaka manene ya udongo wenye barafu nyingi na kaboni ya zama za mamothi (tembo wa kale wenye manyoya), yanafika makumi ya mita. Alaska ipo pia ila sehemu kubwa iko Siberia. Kuna utafiti ulitoka 2024 kwenye Nature Climate Change, walichukua mtandao wa vituo vya utafiti vya Aktiki unaoitwa INTERACT wakaangalia ukitoa vituo vya Urusi picha ya Aktiki inabadilika vipi. Vilivyobaki haviwakilishi eneo lote, na kinachopotea zaidi ni taiga, yaani hiyo misitu ya boreali, ya Siberia. Tena ata kabla ya vita mtandao wenyewe haukuwa umekaa sawasawa, kwa hiyo sio kwamba tulikuwa na kitu kizuri kikavunjika, tulikuwa na kitu chenye kasoro kikawa kibaya zaidi.

---

Mzee_wa_Hoja amejibu:

Mimi sio mtu wa pikseli ila historia ya hii mambo naijua kidogo, na naona vijana mnaongea kama ushirikiano ulianza juzi.

Wakati wa Vita Baridi, 1973, Marekani, Usovieti, Kanada, Norwei na Denmark walisaini pamoja mkataba wa kulinda dubu weupe. Manyambizi ya nyuklia yanapishana chini ya barafu na juu watu wanakubaliana habari za dubu! 1987 Gorbachev akaenda Murmansk akahutubia kwamba kaskazini pawe eneo la amani na sayansi, 1990 ikaundwa kamati ya kimataifa ya sayansi ya Aktiki, IASC, 1996 Baraza la Aktiki, nchi nane pamoja na mashirika ya watu wa asili. 2017 mawaziri wakakutana Fairbanks wakasaini mkataba wa nchi hizo nane wa sayansi hasa, kurahisisha watafiti kuvuka mipaka, vifaa kupita forodha, sampuli kutoka, data kugawanywa. Ukaanza kutumika 2018. Miaka minne haijafika, mwezi wa tatu 2022 nchi saba zikasimamisha vikao vyao na Urusi.

Safari ya MOSAiC ndo inaniuma. Meli ya Kijerumani Polarstern iliondoka Tromsø Septemba 2019, ikajigandisha makusudi kwenye barafu ielee nayo, nchi 20, watu mamia kwa zamu. Nani aliisindikiza mwanzoni? Akademik Fedorov, ya Warusi. Nani alipasua barafu katikati ya giza kupeleka chakula na kubadilisha watu? Kapitan Dranitsyn, ya Warusi. Leo hii mradi wa namna ile uupange vipi?

Kwa maoni yangu walikosea kuweka sayansi kapu moja na vikwazo vingine. Udongo ukiyeyuka hauangalii bendera.

---

NjiaPanda amejibu:

Mzee heshima yako ila hapo mwisho umeteleza. Mwezi ule ule wa tatu 2022 umoja wa wakuu wa vyuo vikuu vya Urusi ulitoa barua ya kuunga mkono vita, imesainiwa na mamia ya wakuu wa vyuo. Ulitaka chuo cha Ujerumani kiendelee kutuma vifaa na hela kwenye taasisi ya serikali kama hakuna kilichotokea? Na kifaa kinachopima upepo msituni kina vipuri ambavyo forodha inaviangalia kwa jicho lingine wakati wa vita.

Angalia ule mnara wa ZOTTO katikati ya Siberia, mita 304, Wajerumani wa Max Planck na wenzao wa Krasnoyarsk wameuendesha pamoja tangu 2006. Kituo cha Samoylov kwenye delta ya mto Lena, Wajerumani na Warusi tangu 1998. Hawa watu wamelala hema moja miongo miwili, wanajuana watoto kwa majina. Nani atafurahi kukata? Lakini pesa ni ya umma, na serikali ikisema basi ni basi. Mimi nisingesema walikosea, ningesema walilipa bei na bei yenyewe sasa ndo tunaiona kwenye jedwali.

Tena sio kwamba kila kitu kimekufa. Norwei ilipochukua uenyekiti wa Baraza 2023 ilisukuma taratibu, na mwanzoni mwa 2024 vikundi vya kazi vikaruhusiwa kukutana tena na Warusi kwa njia ya mtandao. Kukutana kwenye skrini hakutoboi shimo la pemafrosti, ila angalau watu wanasikilizana.

---

Sauti_ya_Malisho amejibu:

Mnaongea serikali na setilaiti tu, wanaoishi kule mmewasahau kama kawaida ya hizi mada.

Novemba 2013 rasi ya Yamal, kaskazini mwa Siberia, mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda ikawa tabaka la barafu, reindeer (kulungu wa kaskazini wanaofugwa) wakashindwa kuvunja kufikia chakula, wakafa kama 61,000. Setilaiti ilikuwepo angani. Lakini ukubwa wa maafa, mifugo ilielekea wapi, nani alipoteza kundi zima, hayo walisimulia wafugaji wenyewe, Wanenets, kwa watafiti wa Ufini na wenzao wa Kirusi waliokuwa na uhusiano nao wa miaka mingi. Uhusiano wa hivyo ukikatika haurudi kwa kusaini karatasi.

Na tusijidanganye kwamba zamani mambo yalikuwa mazuri. Mtafiti anakuja kiangazi, anachukua sampuli, anaondoka, kijiji hakioni ata ripoti. Wainuit, watu wa asili wa kaskazini mwa Kanada, walichoka mpaka 2018 shirika lao Inuit Tapiriit Kanatami likatoa mkakati wa utafiti kwamba wao wawe na usemi kwenye nini kitafitiwe, hela ziende wapi, data ikae kwa nani. Mradi kama SmartICE wa kupima unene wa barafu ya baharini unaendeshwa na vijana wa vijiji wenyewe, wanajua leo wapite wapi na pikipiki ya theluji wasizame. Picha_za_Juu, hapo ndo jibu lako lingine la kwa nini vituo: palipo na mtu anayekaa, kipimo hakifi ata wageni wakifungiwa mpaka.

---

Loga_Baridi amejibu:

Dada nakuunga mkono. Kuna vituo vya Urusi bado vinapima mpaka leo kwa sababu vinaendeshwa na wenyeji, kinachokosekana ni data kuvuka kuja huku na vifaa kulinganishwa na vya kwingine.

Na niongeze moja kwa mwenye mada, maana ameanza na setilaiti kama kitu kisicho na siasa. 2025 Marekani ilitangaza itaacha kusambaza data ya setilaiti za kijeshi za DMSP, zile zilizobeba sehemu kubwa ya rekodi ya barafu ya baharini. Baadaye wakaongeza muda, lakini watu wa NSIDC, kituo cha Marekani cha data za theluji na barafu, ilibidi wahamie kwenye kipimo cha AMSR2 cha Wajapani. Rekodi yako ya tangu 1979 unayoisifia ilibaki inaning'inia kwenye uamuzi wa ofisi moja. Siberia walifunga mlango wa chini, hawa wakataka kufunga wa juu.

---

Picha_za_Juu amejibu:

Duh. Hiyo ya DMSP nilikuwa sijaiunganisha kabisa na hii. Basi nimeelewa, pengo ni la kweli. Turudi kwenye swali la pili, nafanyaje sasa?

---

Loga_Baridi amejibu:

Data ya zamani ipo bure, anzia hapo. Hifadhi ya data ya ORNL DAAC ya Marekani ina ABCflux, mkusanyiko wa vipimo vya kaboni kutoka maeneo ya tundra (nyika baridi isiyo na miti) na boreali ikiwemo ya Urusi kabla ya kukatika, na humohumo kuna data za kampeni ya NASA ya ABoVE iliyoanza 2015 Alaska na Kanada magharibi. Joto la mashimo tafuta GTN-P, mtandao wa kimataifa wa kufuatilia pemafrosti. PANGAEA, hifadhi ya data ya Wajerumani, ina vitu vya Samoylov na MOSAiC. Utafiti ulioongozwa na Virkkala uliotoka 2025 ulitumia vipimo vya maeneo kama 200 vya 1990 mpaka 2020, wakakuta zaidi ya asilimia 30 ya eneo lote tayari linatoa kaboni kuliko linavyomeza. Soma walivyogawa maeneo, usisome hitimisho tu.

Kwenye tasnifu yako tenga lachi na sprusi toka mwanzo, usifunze modeli kwa Alaska ukaipeleka Yakutia. Jaribu hivi: ondoa minara yote ya Siberia iliyokuwepo kabla ya 2022, funza modeli kwa iliyobaki, alafu itabirie Siberia na ulinganishe na vipimo halisi vya miaka ile. Tofauti utakayoipata ndo ukubwa wa pengo, na hiyo ni sura nzima ya tasnifu bila kupanda ndege.

---

NjiaPanda amejibu:

Na ramani ya makosa iweke ukubwa sawa na ramani ya matokeo, usiifiche kwenye kiambatisho. Wasimamizi wengi watakwambia uitoe. Kataa.

---

Picha_za_Juu amejibu:

Hilo jaribio la kuficha minara ya Siberia naanza nalo wiki hii. Loga_Baridi nikikwama kwenye ABCflux nitakusumbua inbox, usinikimbie.