Kuna haja gani ya kujifunza hesabu za kichwani ilhali kikokotoo kipo mkononi?

Mtoa mada

Habari zenu wanajukwaa. Binti yangu ana miaka 11, na juzi aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa namna iliyoniridhisha hata mimi mwenyewe: kwa nini akariri jedwali la kuzidisha ilhali simu inazidisha kufumba na kufumbua? Nilimwambia kwamba hesabu za kichwani huchangamsha akili, naye akanijibu, kwa adabu lakini bila huruma, kwamba hata kutegua vitendawili huchangamsha akili.

Siku chache baadaye alikuwa akitafuta 19 × 52 kwa kikokotoo, akaandika 98.8, kisha akaendelea na swali linalofuata. Bila shaka kidole kiligusa nukta kati ya 1 na 9. Kilichonishangaza si kosa lenyewe, bali ni kwamba jibu lile halikumshtua hata kidogo, na nilipomwomba alitazame upya alinionyesha kioo cha kikokotoo kama mtu anayeonyesha hukumu ya mahakama. Je, muda wa kujifunza hesabu za kichwani bado una thamani? Na kama unayo, ni hesabu zipi hasa, maana sioni faida ya mtoto kuzidisha tarakimu nne kwa tarakimu nne bila kalamu.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, mimi ni mwalimu wa hisabati, na naona umelijibu swali lako mwenyewe katika aya ya pili. Kikokotoo hakikukosea, kilizidisha 1.9 kwa 52 sawasawa kama kilivyoagizwa. Aliyepaswa kushtuka ni binti yako, na asingeweza kushtuka kwa sababu hakuwa na matarajio yoyote kabla ya kubonyeza. Mtu anayejua kwamba 19 ni karibu 20 na 52 ni karibu 50 anasubiri jibu linalokaribia 1,000, kwa hiyo 98.8 inamkwaruza macho palepale.

Inafaa kukumbuka jinsi watu walivyofanya kazi kabla ya vikokotoo vya mkononi kuenea katika miaka ya 1970. Wahandisi walikuwa na rula ya kukokotolea, yenye kipande cha katikati kinachoteleza na alama zilizopangwa kwa kanuni ya logi, yaani namba zinazogeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Rula hiyo ilitoa tarakimu tatu hivi za mwanzo, lakini haikusema nukta ya desimali inakaa wapi, hivyo 1.9 × 5.2 na 190 × 520 zote zilisomeka 988. Mtumiaji alilazimika kukadiria kichwani ukubwa wa jibu kila mara, apende asipende. Kikokotoo kilituondolea kazi hiyo, na pamoja nayo kikatuondolea mazoea ya kujiuliza kama jibu linaelekea kuwa kweli.

Kuna sababu ya pili, ambayo wazazi huiona mtoto akishafika sekondari. Akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anayetaka kurahisisha 84/126, au kutafuta namba mbili ambazo zao lake ni 6 na jumla yake ni 5 ili avunje x² − 5x + 6 kuwa mabano mawili, anahitaji kuona namba zinavyohusiana. Kikokotoo hakimsaidii, kwa sababu hajui abonyeze nini. Yule anayelazimika kusimama kila hatua ili atafute 6 × 7 hupoteza njia ya swali zima, kisha husema kwamba aljebra ni ngumu. Mara nyingi iliyomshinda ni 6 × 7.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na mwalimu kuhusu makadirio, lakini sipendi namna mjadala huu unavyowafanya watu watamani mambo ya zamani. Nilisoma kwa mwalimu aliyetusimamisha mbele ya darasa na kutuuliza jedwali huku akitazama saa, na kwa miaka mingi niliamini kwamba sina kichwa cha hesabu, kumbe nilikuwa na woga tu. Wepesi wa kujibu si hisabati. Mtu anaweza kufikiri taratibu na akafikiri vizuri.

Isitoshe, binadamu hakuanza juzi kukimbia kazi ya kukokotoa. John Napier alipochapisha majedwali yake ya logi mwaka 1614, shabaha yake ilikuwa kuwapunguzia watu mzigo wa kuzidisha na kugawanya namba kubwa, na Blaise Pascal alianza kuunda mashine yake ya kujumlisha mwaka 1642 ili kumsaidia baba yake aliyeshughulika na hesabu za kodi. Sidhani kuna anayewaona hao kuwa wavivu wa kufikiri.

Ninachoongeza ni kwamba hata mashine zenyewe hazikubaliani. Andika 2 + 3 × 4 kwenye kikokotoo cha kawaida cha mezani na huenda ukapata 20, kwa kuwa kinatekeleza kila hatua inapoingia. Kile cha kisayansi kitakupa 14, kwa kuwa kinatanguliza kuzidisha. Asiyejua utaratibu wa matendo atachukua lolote atakalopewa.

Mchangiaji wa tatu

Nitasema kwa kifupi, kutokana na kazi yangu ya uuguzi. Dawa ya maji ikiwa na miligramu 250 katika kila mililita 5, na mgonjwa akihitaji miligramu 125, kipimo ni nusu, yaani mililita 2.5. Nukta ikipotea inakuwa 25, mara kumi ya kipimo kinachotakiwa. Kikokotoo natumia, na mwenzangu hukokotoa upya peke yake kabla hatujalinganisha majibu, lakini kabla ya yote hayo huwa nimekwisha kujiambia, «hii ni nusu ya chupa ndogo, au ni kijiko kimoja». Bila kauli hiyo ya kwanza, watu wawili wanaweza kukubaliana juu ya kosa moja.

Mchangiaji wa nne

Mtoa mada ameuliza pia ni hesabu zipi. Mimi ningeacha mashindano ya namba ndefu na kumfundisha mtoto kuitazama namba kabla ya kuishambulia. 48 × 25 inatisha hadi uone kwamba 25 ni robo ya 100. Basi robo ya 48 ni 12, na jibu ni 1,200. Asilimia 16 ya 25 ni sawa na asilimia 25 ya 16, yaani 4. Kwa 503 − 287, badala ya kukopa na kukopa tena, panda kutoka 287 hadi 300, ambayo ni 13, kisha hadi 503, ambayo ni 203; jumla 216. Na kichwani ni afadhali kuanzia kushoto, kwenye mamia, kwa sababu ukikatizwa njiani unabaki na kadirio zuri, ilhali aliyeanza na mamoja anabaki na tarakimu ya mwisho isiyomfaa kitu.

Ipo pia njia ya zamani ya kuhakiki kwa tisa, ambayo naipenda kuliko inavyostahili. Tuseme umepata 347 × 26 = 9,022. Jumlisha tarakimu hadi ibaki moja: 347 inatoa 14, kisha 5, 26 inatoa 8, 5 × 8 ni 40, yaani 4. Upande wa jibu, 9 + 0 + 2 + 2 ni 13, yaani 4. Zimelingana. Angalizo: njia hii haikamati tarakimu zilizobadilishana nafasi, kama 9,202, wala haitambui nukta iliyohama, kwa hiyo haichukui nafasi ya makadirio aliyoyaeleza mwalimu.

Mtoa mada

Nawashukuru nyote. Tumeanza utaratibu mmoja: haruhusiwi kubonyeza kitu kabla hajaandika kadirio pembeni kwa penseli, na mimi siruhusiwi pia. Jana alinikamata. Aliniuliza kitu chenye thamani ya 100 kikipanda kwa asilimia 20 kisha kikashuka kwa asilimia 20 kinabaki ngapi, nikaandika 100 bila kufikiri, kikokotoo kikasema 96. Amelitangaza jambo hilo nyumba nzima.

Limebaki swali la jedwali lenyewe. Analiona kama mlima wa mambo 100. Naomba mwalimu aniambie kama kweli yote ni lazima.

Mchangiaji wa kwanza

Mwonyeshe kwamba mlima huo ni mdogo. Ondoa kuzidisha kwa 1 na kwa 10, kisha mkumbushe kwamba 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja: yanabaki 36. Ya 2 ni kujumlisha namba na yenyewe, na ya 5 ni nusu ya ya 10, yanabaki 21. Ya 9 ni ya 10 ukitoa namba yenyewe mara moja, yanabaki 15. Ayaandike hayo 15 kwenye karatasi moja, na aanze na yale anayoyachukia.