Tarantula kajivua gamba, mguu mmoja umenasa: naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Nafuga buibui aina ya tarantula, jike. Usiku alilala chali, na kwa kuwa ndivyo wanavyojivua gamba, sikumgusa. Asubuhi nikakuta gamba la zamani limebaki pembeni, zima kabisa, hadi maganda ya meno yamo. Tatizo ni mguu wa nyuma wa kushoto: kuanzia gotini hadi nchani bado umevaa gamba kuukuu, anauburuta.

Naogopa kuuvuta. Gamba jipya bado laini, na buibui hunyoosha miguu kwa msukumo wa damu. Kwenye maungio makubwa misuli yao kazi yake ni kukunja tu. Mguu ukichanika si atavuja hadi afe? Meno bado meupe, yaani laini, hayajawa meusi na kukomaa, kwa hiyo chakula sijampa, na nyenje wote wa kumlisha nimewatoa wasije wakamng'ata akiwa hivi. Maji anayo. (Wale wa "tupa hilo dudu", piteni tu.)

Waliowahi kukutana na hili: nikilowanishe hicho kipande kwa brashi laini yenye maji ya vuguvugu, au nimwache tu? Najua wakati mwingine huukata mguu wenyewe, ukaota tena akijivua gamba mara nyingine, japo huanza mdogo na mwembamba. Ila huyu keshakua, hajivui mara kwa mara kama watoto, atangoja sana. Na unyevu humo ndani niongeze sasa, au ndiyo nitaleta ukungu bure?