Naomba ushauri: Viza ya 491 imetimiza miaka mitatu, lakini zamu tano za Werribee zinaninyima usingizi

Bint Kisosora

Wakuu, habari za humu. Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya, leo yamenifika. Wenye kejeli naomba mpite tu.

Ni nesi, Mtanzania, naishi Geelong, jimbo la Victoria, Australia, na mume wangu na watoto wawili. Tuna viza ya 491, ile ya muda ya watu wa fani wanaotakiwa kuishi mikoani, nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Ilitoka Machi 2022 tukiwa bado Tanga. Tulitua Septemba mwaka huohuo. Ni ya miaka mitano, na ukishakaa nayo mitatu unaruhusiwa kuomba 191, ambayo ndiyo ukaazi wa kudumu wenyewe. Sasa ni Agosti 2025 na nikijitazama nina maswali kuliko majibu.

Wengine wananiambia mitatu inahesabiwa tangu siku niliyotua, kwa hiyo bado. Wengine wanasema lazima kila mwaka uwe umeingiza dola 53,900. Hapo ndipo presha inapanda. Mwaka wa kodi huku ni Julai mosi hadi Juni 30. 2022/23 nilifanya kazi vizuri na notisi ya makadirio ya kodi ninayo. 2024/25 nayo imetoka wiki iliyopita. Katikati hapo, Oktoba 2023, nilijifungua wa pili, nikakaa nyumbani bila mshahara mpaka Juni ikaisha. Mwaka ule mzima nina dola 14,600. Dada mmoja wa kwenye kikoba chetu akaniambia chini ya 18,200 hakuna kodi, usihangaike na ritani. Sikupeleka.

Halafu lile la kuninyima usingizi. Novemba mwaka jana nilikuwa nachukua zamu za ziada kupitia wakala wa ajira. Ujumbe unaingia saa kumi na moja alfajiri: kuna zamu nyumba ya wazee, utakwenda? Ukikubali ndipo unaletewa anwani. Mara tano anwani ilikuwa Werribee, kama dakika arobaini kwa gari kutoka kwangu. Mimi nilijua Melbourne ni kule kwenye maghorofa! Juzi mume wangu anapitia orodha ya postikodi za mikoani, akaniuliza, "Mama Nuru, Werribee si ndiyo 3030?" Tukaitafuta 3030. Haimo.

Na huyohuyo mume kapata kazi Melbourne, wanataka aanze Oktoba. Anasema tukishabonyeza kutuma maombi tu, tunahama. Desemba mdogo wangu anaolewa Tanga, na tiketi nimeshalipia nusu.

Nifanyeje? Nawasilisha.

Mpemba wa Adelaide

Dada, pole, lakini nusu ya mzigo wako ni wa bure, utue sasa hivi.

Miaka mitatu ni ya kuwa na viza. Inahesabiwa tangu ilipotolewa, yaani Machi 2022, si tangu ulipotua. Kwa hiyo ilitimia Machi mwaka huu.

Hiyo 53,900 nayo ina historia. 491 ilipoanza Novemba 2019 ndiyo namba iliyotajwa, kila mtu akaikariri kama namba ya simu ya nyumbani. Watu walikuwa wanachukua kazi ya pili usiku ili waifikie. 191 ilipokuja kufunguliwa rasmi Novemba 2022, kima kile kilikuwa kimeondolewa. Wanachotaka ni notisi za makadirio za miaka mitatu ya kodi katika kipindi cha viza yako, na si lazima miaka hiyo ifuatane. Kiasi kilichoandikwa ndani hakina kiwango cha chini.

Nakwambia kwa yaliyonikuta. Mwaka wa korona mimi nilikuwa na elfu ishirini na kitu tu, hoteli niliyokuwa napika ilifungwa. Nikaomba, nikapata. Ada yenyewe ukiikumbuka ile ya 491, zaidi ya dola 4,000 kwa mtu mmoja, hii utacheka.

Kijiwe Nongwa

Kwa hiyo mmeacha nchi yenye maziwa na asali kwenda kuogesha vibibi vya watu halafu mnakuja kutulilia humu? Rudi Tanga ulime mkonge.

Bint Kisosora

Kijiwe, hao vibibi wananiita kwa jina langu na kunishukuru. Wewe hapa hata salamu hujanipa.

Mpemba, Mungu akubariki. Ila huo mwaka wa katikati notisi sina kabisa maana sikupeleka ritani.

Mhasibu wa Ballarat

Hilo ni eneo langu, nisogee.

Huyo dada wa kikoba kakuchanganyia mambo mawili. Kutodaiwa kodi ni jambo moja, kupeleka ritani ni jingine. Ile miezi mitatu uliyofanya kazi kabla ya kujifungua, mwajiri alikuwa anakukata kodi kila malipo kana kwamba utafanya kazi mwaka mzima. Ukishakatwa unatakiwa kupeleka ritani hata kama hukufika 18,200. Na kwa kuwa hukufika, karibu yote waliyokata ni yako. Umewaachia serikali hela yako kama umeisahau kwenye mfuko wa koti.

Ingia akaunti yako ya myGov, ile tovuti ya huduma za serikali, uipeleke sasa, haijalishi imechelewa. Ritani ambayo mwisho wake ni wewe kurudishiwa, ATO, yaani mamlaka ya kodi ya huku, mara nyingi hawaitozi faini ya kuchelewa. Ikishashughulikiwa wanatoa notisi ya makadirio, na hiyo ndiyo karatasi yako ya tatu.

Ila sikiliza hapa, maana nimeona watu wakikwama hapahapa. Kule ndani kuna sehemu ya kutangaza kwamba "mwaka huu sikuhitajika kupeleka ritani". Usiiguse! Ukibonyeza hiyo hutapata notisi yoyote, na bila notisi huo mwaka kwenye 191 ni kama haukuwepo. Peleka ritani kamili hata ingekuwa ya dola mia.

Zege Halilali

Kuhusu Werribee, zamu tano tu? Nani atajua? Kaa kimya, omba, songa mbele. Mnajitia presha bure.

Shangazi wa Toowoomba

Zege, mwanangu, huo ushauri ungeutoa ukiwa na chako mezani.

Binti, nina miaka kumi na minane nchi hii na nimeona familia zikirudishwa kwa uongo mdogo kuliko kosa lililokuwa linafichwa. Viza yako ina sharti 8579: kuishi, kufanya kazi na kusoma ndani ya maeneo ya mikoani tu. Kwenda Melbourne kutembea, kununua nguo za sikukuu au kumpeleka mtoto kuona wanyama, ruhusa. Kuvaa sare ukaingia zamu Werribee, hapana. Anayekuambia "si ulilala Geelong" hajui anachosema, sharti linataja makazi na linataja kazi.

Hilo limeshatokea. Swali ni utalisemaje. ATO na Uhamiaji huku wanapeana taarifa za wenye viza, usidhani kila ofisi ina kabati lake na ufunguo wake. Zamu zako ziko kwenye kumbukumbu za huyo wakala wa ajira, zina tarehe na mahali. Ukiulizwa kama ulifuata masharti ukajaza ndiyo bila maelezo, na ikaja kuonekana, kosa linahama kutoka kwenye zamu tano linakuwa la kutoa taarifa za uongo. Kwa hilo maombi yanaweza kukataliwa na ukafungiwa miaka mitatu usipate viza nyingine nyingi. Kwa zamu tano!

Tafuta wakala wa uhamiaji aliyesajiliwa, au mwanasheria. Kila wakala ana namba ya usajili ya MARA, ofisi inayosajili mawakala wa uhamiaji, itafute kwenye rejista yao ujue ni mtu kweli, kwa sababu wapo wajanja wa kwenye makundi ya simu, na wengine ni ndugu zetu kabisa. Mlipie saa moja. Nenda na ratiba zako zote tangu ulipoanza kazi, si za Novemba peke yake, ili aone zamu tano ndani ya ngapi. Nenda na zile jumbe zinazoonyesha anwani ilikuja baada ya kukubali. Na tarehe uliyoacha, kwa sababu naamini umeacha.

Jingine. Ulipohama nyumba au kubadilisha pasipoti, uliwaarifu ndani ya siku 14? Hilo ni sharti 8578, watu wengi hawajui hata kama lipo.

Bint Kisosora

Shangazi, nimeacha tangu Desemba, kwa bahati tu maana zamu za karibu ziliongezeka. Pasipoti tulibadilisha 2024 na tuliwaarifu. Nyumba tulihama Februari... sikumbuki. Naangalia leo usiku.

Nikiri kitu. Nilipoandika uzi huu nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia maneno ya Zege.

Zege Halilali

Basi nimefuta usemi. Mimi niko Mwanza, nilikuwa nachangamsha genge.

Mkamba wa Darwin

Habari zenu, Mkenya hapa, naomba nafasi kidogo.

Dada, kwa mzee wako mwambie apunguze mwendo. Kutuma maombi ya 191 hakukutoi kwenye masharti ya 491. Mpaka siku ile barua ya 191 inaingia, nyinyi bado ni watu wa mikoani, na yeye pia, maana 8579 inambana kila aliye kwenye hiyo viza, si wewe tu uliyeiombea. Ikishatoka mnaweza kuishi hata katikati ya Sydney, 191 haina kamba.

Mimi niliwahi kupewa kazi Brisbane nikiwa nasubiri. Nilimwandikia bosi: niajiri lakini nifanyie kazi nyumbani kwangu Darwin mpaka karatasi zitoke. Akakubali miezi sita. Sharti linaangalia wewe uko wapi unapofanya kazi, sio ofisi kuu ya kampuni iko mtaa gani. Kama kazi ya mzee ni ya kompyuta, aulize. Kama ni ya mikono, pole, asubiri.

Na nyinyi Watanzania msiogope neno "kudumu". PR, yaani huo ukaazi wa kudumu, sio uraia. Pasipoti yenu ya Tanzania inabaki. Uraia ndio utawaumiza kichwa baadaye, sisi Katiba ya 2010 ilituruhusu uraia pacha 😀

Mpemba wa Adelaide

Mkamba, umetuchoma palepale penye kidonda. Lakini ni kweli, kwa Mtanzania swali la uraia ni kikao kingine cha familia. Kwa anayeutaka, ile miaka ya 491 inaingia kwenye minne ya kukaa kihalali, na wa mwisho lazima uwe wa PR.

Dada, harusi nenda. 491 yako ina uhai mpaka Machi 2027, utatoka na kurudi kwa hiyohiyo. Ukiomba ukiwa ndani ya Australia wanakupa viza ya daraja (bridging) aina ya A, ya kukushikilia wakati unasubiri majibu, lakini inalala mpaka 491 iishe. Yenye shida ni hiyo ya daraja ikishaamka. Ukitoka nje ukiwa nayo peke yake huwezi kurudi nayo, mpaka uombe aina ya B kabla ya safari. Wewe hujafika huko.

Kijiwe Nongwa

Harusi ya Tanga ni lini? Nipo Muheza.

Bint Kisosora

MREJESHO

Wakuu, wiki tano zimepita, niliahidi sitawaacha hewani.

Ritani ya 2023/24 nilipeleka usiku uleule, Mhasibu akinisaidia kwa ujumbe wa faragha. Notisi ilitoka baada ya siku kumi na mbili na nimerudishiwa dola 1,870. Imeingia yote kwenye tiketi.

Kwa wakala wa uhamiaji nilikwenda na bahasha nene kama ya kesi ya ardhi. Ni mama mmoja mpole, hakunitisha wala hakunipa matumaini ya bei rahisi. Alihesabu zamu moja moja kwa kalamu: 611 tangu nianze kazi huku, tano ndizo zilizotoka nje ya mstari. Akasema tutaliandika wenyewe kabla hatujaulizwa, na ratiba na zile jumbe za alfajiri tuziambatanishe. Nikamuuliza, watakubali? Akasema yeye anaandaa maombi, haandiki majibu. Tumeyatuma Jumatatu. Anwani ya Februari mume wangu alishaibadilisha kwenye mfumo siku ya tatu baada ya kuhama, namwomba radhi hadharani kwa niliyomfikiria.

Melbourne walikataa afanyie kazi nyumbani. Ile nafasi kapewa mwingine. Alinuna siku mbili, ya tatu akapika pilau mwenyewe, basi nikajua yameisha. Anaomba kazi hapahapa Geelong.

Na alfajiri ya leo simu imeita tena, wakala yuleyule wa ajira: kuna zamu, utakwenda? Safari hii nikawajibu nitumieni anwani kwanza. Wakatuma. Hoppers Crossing, 3029. Nikageukia ukutani nikalala.