Nimeandika upya gdbm kwa Rust, naweza kuipa leseni ya MIT?

Wakuu naombeni ushauri, nimekwama. Huu ni mwezi wa nne naandika upya gdbm, ile databesi ndogo ya GNU, naitoa lugha ya C naipeleka lugha ya Rust, usiku nyumbani kwa laptopu yangu. Kazini tuna mafaili ya zamani ya mteja yako kwenye fomati hiyo na bosi anataka laibrari yangu iingie kwenye programu ya stoo tunayouzia maduka, na kodi yetu (yaani msimbo wa programu) hatumpi mtu. Sasa gdbm iko chini ya GPL toleo la 3, leseni inayotaka ukigawa programu utoe na kodi yake. Nilijua nikishabadilisha lugha basi ni mali yangu, naiweka MIT, leseni isiyodai utoe kodi. Ila ukweli nilikuwa nimefungua findkey.c na bucket.c, mafaili ya kodi ya gdbm yenyewe, kushoto mwa skrini naandika kulia, hadi fankisheni zinafuatana vilevile. Usingizi sipati.

fundi_msimbo: Pole mkuu, hapo umetafsiri. Riwaya ya mtu ukiigeuza Kiswahili haiwi yako, na kodi ndo hivyohivyo. Ukiigawa kwa maduka GPL inawadai na kodi.

dada_seva: Kweli, ingebaki kwenye seva yenu bila kumgawia mtu isingewadai kitu, ila nyie mnauza.

Muuliza: Na ile namba 0x238F13AF ya kwenye hash.c je, inayoanzisha hesabu ya heshi (namba ya kuonyesha kila ufunguo wa data umewekwa wapi)? Bila hiyo sipati ufunguo hata mmoja kwenye mafaili ya zamani, naikwepaje?

mzee_terminali: Hiyo isikutishe, ni sehemu ya fomati, na hakimiliki inalinda kilichoandikwa, wazo na njia ya kufanya kazi hailindi. Wewe umeshaiona kodi, kwa hiyo andika maelezo ya fomati kwa maneno ya kawaida, nini kinakaa baiti ya ngapi, heshi inapigwaje, usibandike hata mstari mmoja. Mpe mwenzako ambaye hajawahi kuifungua gdbm aandike yeye, na wewe usimsaidie kodi. BIOS ya IBM, ile programu ya kuwashia kompyuta, ilitengenezwa upya hivyo miaka ya 80. Tunzeni tarehe, na mwanasheria aone kabla ya kuuza.

dada_seva: Kwani mafaili mnayasoma kila siku au ni kuhama mara moja? Kama ni kuhama piga gdbm_dump, zana ya gdbm ya kutoa data, ingiza kwenye SQLite, databesi nyingine ambayo haina mwenyewe kabisa. Kutumia zana ya GPL hakuifanyi data yenu iwe GPL.

Muuliza: Ni kuhama tu dada, daah, asante sana. Kesho naongea na bosi. Ya Rust naiachia watu kwa GPL, na majina ya walioandika mwanzo yanabaki juu palepale.