Mvua za Dodoma na mpira wa jioni: mwavuli, poncho, koti la bodaboda au jukwaa lenye paa?

Mwana wa Chang'ombe
Mbukwenyi wakuu. Mawingu yameshaanza kujikusanya huku mjini na mimi ni mtu wa mpira, Walima Zabibu, yaani Dodoma Jiji, wakiwa nyumbani pale uwanja wa Jamhuri lazima niwepo, halafu Jumamosi asubuhi nakuwa uwanja wa shule namwangalia dogo. Safari hii nataka nijipange mapema maana kukaa mzunguko, kule kwenye ngazi za zege zisizo na paa, mechi ya saa kumi jioni mwezi wa kwanza bila maandalizi ni kutafuta mafua kwa nauli yako mwenyewe. Niko kati ya vitu vinne: mwavuli wa kawaida, poncho zile nyepesi za kujitumbukiza kichwa, koti na suruali ya mvua zile nzito za bodaboda, au niache ujanja niwe nalipia jukwaa kuu. Bajeti sio kubwa ila nikinunua kitu nataka kikae misimu miwili mitatu. Leteni uzoefu, na asije mtu kuniambia nikaangalie banda umiza.

Kijogoo wa Nkuhungu
Banda umiza mkuu. Kiti, bati juu, marudio ya goli, hahaha. Haya naondoka.

Mzee wa Mzunguko
Mkuu karibu. Mwavuli kwa Jamhuri futa kabisa, na sisemi kwa chuki. Kwanza mvua ya hapa haishuki wima, inakuja na upepo wake wa kukulaza, mwavuli mwembamba unapinduka dakika ya kwanza unabaki na vyuma mkononi. Pili aliyekaa nyuma yako amelipa kiingilio kama wewe, ukifungua tu utasikia "shusha huo we baba" na ukibisha wataanza kukurushia maganda ya miwa. Tatu maji yote ya pembeni ya mwavuli yanaingia kwenye shingo ya jirani. Na ule mrefu wenye ncha viwanja vingi getini haupiti, unaachwa kwa mlinzi na kuupata baada ya mechi ni mjadala mwingine.

Sasa niseme kitu ambacho watu hawakiwazi. Kila mtu anahangaika na kichwa, lakini uwanjani mvua inakulowesha kwa chini. Zege likishalowa maji yanatiririka ngazi kwa ngazi yanapita pale pale ulipokalia, kwa hiyo unaweza ukawa na koti zuri kabisa na bado unarudi nyumbani suruali imeloa chapachapa nyuma. Mimi natembea na kiroba kile cha unga chenye nailoni kwa ndani, nakikunja mara nne nakalia. Kile kiroba kitupu cha kusokotwa hakifai, maji yanapenya kwenye nyuzi. Na kipande cha godoro ndio usithubutu, kinakunywa maji yote ya uwanja halafu kinayatoa ukikaa.

Muhaya Mgeni
Samahani wakuu nimecheka. Dodoma nako mnajadili mvua? Mji mzima kwa mwaka unapata milimita mia tano na kitu mpaka mia sita, njooni Bukoba muone, kule inapita hizo mara tatu na mpira unachezwa.

Mzee wa Mzunguko
Kaka Muhaya hesabu yako iko sawa ila hiyo yetu haigawanywi mwaka mzima kama yenu. Sisi tuna msimu mmoja, Novemba mwishoni mpaka Aprili, na ndani yake kuna wiki hata tone huoni. Kwa hiyo ikija inakuja na madeni yote, nusu saa tu korongo limejaa na watu wa ng'ambo wanasubiri lipungue ndio wavuke kwenda kwao. Nyie mmezoea manyunyu ya kutwa, mtu anajua anatoka na koti. Hapa unatoka nyumbani jua linakuchoma utosi, dakika ya sitini unatetemeka. Na tupo juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, jua likishazama na umelowa ile baridi sio ya mchezo.

Boda wa Makole
Hapo kwenye koti la bodaboda nizungumze mimi maana ndo sare yangu. Kuna aina mbili watu wanachanganya. Kuna lile la plastiki zito linalong'aa, hilo maji hayapiti hata ukae chini ya bomba ila ukilivaa uwanjani na ukawa unaruka ruka unashangilia utaloa kwa jasho lako mwenyewe, halina pa kupumulia. Na ukilikunja likakaa chini ya siti ya pikipiki kipindi cha jua linagandana, ukilifungua linapasuka pale pale kwenye mkunjo. Linataka kutundikwa kivulini. Aina ya pili ni ya nailoni yenye utando kwa ndani, nyepesi zaidi, ukikunja inaingia kwenye begi dogo. Hii ndo ningekushauri ila kabla hujatoa hela geuza ndani uangalie mishono. Kama sindano imepita na juu yake hakuna utepe uliobandikwa, maji yataingia pale pale sindano ilipopita, kwanza kwenye mabega halafu huku chini katikati ya miguu, na ukiwa umekaa ndo mbaya zaidi maana maji yanatuama kwenye mapaja. Zipu nayo iwe na kile kifuniko cha juu chenye vishikizo au gundi ya kubana, zipu tupu ni mlango wazi.

Nyingine hii watu wengi hawajui, suruali ya mvua inavaliwa NJE ya gambuti. Ukiitumbukiza ndani umetengeneza mfereji, maji ya koti zima yanateremka yanajaa kwenye buti, unatembea unasikia chwap chwap.

Dada wa Mitumba Sabasaba
Boda umesema vizuri kaka yangu, mi naongezea upande wangu. Jaketi za mvua za mtumba ukipata nzuri inaizidi mpya ya dukani mbali sana, zile zinazotoka nchi za baridi zimetengenezwa kwa watu wanaotembea kwenye mvua kutwa. Angalieni lebo ya ndani au ile chapa kwenye mkono, nyingine zina namba kama 5,000 au 10,000 na herufi mm. Ile ni kipimo cha maji, yaani kitambaa kinavumilia mgandamizo wa maji ya urefu huo kabla hayajapenya, namba ikiwa kubwa ndio bora. Za elfu moja na kitu hizo ni za rasharasha tu msidanganyike na rangi.

Lakini mtumba ni mtumba, nyingine umri umeenda, ule utando wa ndani unababuka kama ngozi ya kiazi. Sugua kwa ndani na kidole, ukiona unga unga mweupe au vipande vinatoka rudisha kwenye tenga. Kupima, mwagia maji kidogo kwa nje halafu bonyeza na dole gumba kwa ndani, dole likitoka na unyevu achana nayo. Na zile jaketi za parachuti za kawaida, zile za truksuti, wateja wengi wananunua wakidhani ni za mvua. Zile zinazuia upepo, mvua ya kweli zinapitisha.

Ufuaji nao. Usifue na sabuni ya unga nyingi, mabaki yake yanakaa kwenye kitambaa na maji yanaacha kuteleza yanaanza kunyweka. Maji ya kawaida na sabuni kidogo, suuza sana, anika kivulini.

Mwana wa Chang'ombe
Asanteni sana. Dada wa Sabasaba nitakutafuta. Ila naona poncho mmeiruka wote, ndio rahisi kuliko zote na wanauza mpaka getini ikianza kunyesha.

Mzee wa Mzunguko
Wanauza getini kwa bei ya getini, kumbuka hilo. Mchana jua kali anakupa kwa bei ya soda, likipiga radi moja imepanda mara mbili.

Poncho mi siichukii. Ukiwa UMEKAA inalizidi koti kwa kitu kimoja, inafunika mapaja na magoti na kibegi chako humo humo ndani, unakuwa kama kuku ameatamia. Na inapitisha hewa chini huloi jasho. Shida ni upepo, inapanda juu inakufunika uso halafu goli linafungwa huoni. Dawa yake kalia ile sehemu ya nyuma na ya mbele ibane chini ya mapaja. Zile nyembamba sana zinachanika siku hiyo hiyo ukinyanyua mikono kushangilia, kwa hiyo kama unasema misimu mitatu tafuta ile nene ya turubai jepesi yenye vishikizo pembeni.

Mama Golikipa
Baba naomba nipingane kidogo na hawa wa mzunguko kuhusu mwavuli, maana umesema na Jumamosi unaenda kumwangalia mtoto. Uwanja wa shule hauna jukwaa, hauna mtu nyuma yako, unasimama pembeni ya chaki masaa mawili. Pale mwavuli ni mfalme. Sio huu wa mkononi, ni ule mkubwa wa biashara kama wa mawakala wa simu, unauchomeka ardhini upande upepo unakotoka, unaulaza kidogo, chini unaweka stuli na ndoo ya maji ya watoto. Kipindi cha mapumziko timu nzima inajibana humo. Mimi mwanangu ni kipa, kipa hakimbii kwa hiyo ndo anayepata baridi kuliko wote, nambebea taulo na fulana kavu kwenye ndoo yenye mfuniko. Mfuko wa plastiki wa kubebea tulishaachana nao tangu Juni 2019 ilipopigwa marufuku, ndoo ya lita kumi inafanya kazi nzuri zaidi, hata simu naweka humo.

Na jamani jinzi. Msivae jinzi siku ya mvua, ikilowa haikauki mpaka kesho na inakunyonya joto. Bora suruali nyepesi ya truksuti ndani ya ile ya mvua.

Kocha wa Mchangani
Mama umesema vizuri ila mwavuli wako una kikomo na hili sio la mjadala: RADI. Uwanja wa wazi wewe na mwavuli mrefu wa chuma ndio vitu virefu kuliko vyote pale. Mimi watoto wangu nawafundisha, ukiona mwanga wa umeme anza kuhesabu mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ukifika chini ya thelathini mchezo unasimama, tunaingia darasani au ndani ya gari, na haturudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Wazazi wananung'unika, wanung'unike.

Na vijijini huku kwetu viwanja vingi vina mbuyu pembeni, watu wakiona mvua wote wanakimbilia pale. Mvua tupu sawa. Ikiwa na radi hapana, mti uliosimama peke yake ndio sehemu mbaya kuliko kulowa.

Baba Noah
Mi napaki gari nyuma ya goli, nawasha wiper, naangalia mpira kwa raha zangu. Shida mbili tu, vioo vinapata ukungu mkiwa wengi ndani mpaka ushushe kidogo mvua iingie, na mastraika wa timu yetu hawalengi goli, boneti imeshabonyea.

Boda wa Makole
Hahahaha Baba Noah hamia winga.

Mwana wa Chang'ombe
Daah nimecheka. Sasa jukwaa kuu je? Maana nimepiga hesabu hivi: ligi ina timu 16, kwa hiyo nyumbani tunacheza mechi 15, zinazoangukia kipindi cha mvua tuseme saba. Kama tofauti ya kiingilio ni elfu tano, hiyo ni elfu thelathini na tano, ambayo ni koti na suruali na chenji ya gambuti labda. Na kati ya hizo saba sio zote zitanyeshewa, unalipia paa na jua linawaka.

Mzee wa Mzunguko
Hesabu umeimaliza mwenyewe. Halafu paa lenyewe linazuia mvua ya wima, upepo ukigeuka mistari ya mbele wanalowa kama sisi, wenyewe hawana hata koti maana walijiamini. Ukilipa jukwaa panda juu kabisa. Ila Simba au Yanga wakija bei inakuwa nyingine na mzunguko unajaa mpaka huna pa kukunja goti, siku hiyo moja mimi mwenyewe nikipata hela naenda jukwaani.

Mwana wa Chang'ombe
Basi nimeamua. Koti na suruali ya nailoni yenye utepe kwenye mishono kwa ajili ya Jamhuri, kiroba cha kukalia, na kwa Jumamosi nachangia na wazazi wenzangu mwavuli mkubwa mmoja. Poncho naacha. Swali la mwisho, miguuni gambuti au ndala? Gambuti naona uzito kupanda nazo daladala.

Mama Golikipa
Pembeni ya uwanja wa tope gambuti, ndala zitabaki kwenye udongo na wewe umeshatoka. Uwanjani kwenye zege vaa yeboyebo tu, zinalowa na zinakauka hapo hapo, soksi kavu weka mfukoni za kuvaa ukifika nyumbani.

Dada wa Mitumba Sabasaba
Kaka njoo siku tunayofungua mzigo, asubuhi, mchana zilizobaki ni za kuchaguliwa na wenzio. Na njoo na jezi yako na sweta uvae ndani ndo ujaribu, halafu ujaribu ukiwa UMECHUCHUMAA, sio umesimama mbele ya kioo. Koti ambalo ukisimama linafika kiunoni vizuri, ukikaa mgongo wote uko nje.