Naomba ushauri: katuni za Marekani za karne ya 19 na kura za wafanyakazi

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo yenu. Naandika risechi kuhusu katuni za siasa na ile sheria ya Marekani ya 1882 iliyozuia vibarua wa Kichina kuingia kwa miaka 10. Ninazo mbili zinazogongana kabisa, ya mchoraji Keller kwenye jarida la The Wasp la San Francisco, Mchina kachorwa na mikono kibao anafanya kazi zote vijana wa kizungu wamekaa bure (inaumiza kuitazama jamani), na ya Thomas Nast ya 1871, Columbia (mwanamke anayechorwa kuwakilisha Marekani) anamkinga Mchina asipigwe na genge. Nimejaribu kuzilinganisha na matokeo ya chaguzi ila sioni katuni zinaishia wapi na hotuba za Denis Kearney, kiongozi wa wafanyakazi wa California aliyewapinga Wachina, zinaanzia wapi, maana yule alikuwa anawahutubia wafanyakazi tangu 1877, na Harper's Weekly, jarida alilochorea Nast, lilikuwa senti 10, sidhani kama kibarua alilinunua.

Sasa nitafute ushahidi wa aina gani kuonyesha mpiga kura wa kawaida aliziona kweli? Na je niongeze ile ya McDougall ya 1884, Blaine (mgombea urais wa Republican) karamuni na matajiri, ambayo wapinzani wake Democrats waliibandika mitaani New York, au nibaki na 1882 tu?